Karatasi ya Kilo Pungufu

Jumatatu, 3 Machi

Mizani tatu leo. Ile ya kliniki ya watoto ilikuwa inaongeza gramu 200 kwa kila mtoto — kina mama wote walikuwa wanarudi nyumbani wamefurahi. Nimeirekebisha. Furaha imekwisha.

Jioni ujumbe kutoka kwa Kompasi, mzee wa kundi letu la jiokeshi, mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa. Karatasi ya kopo langu, Kilo Pungufu, imelowa, haiandikiki. "Ratili, kopo ni lako, kalitunze." Ratili ndiyo mimi, jina la mchezo. Najua kopo ni langu! Aliyeficha ndiye anayetunza. Nusu ya kundi sheria hiyo niliwafundisha mimi.

Nimeficha makopo tisa. Manane nayakagua kila miezi mitatu. Hili la tisa sijaligusa tangu 21 Mei ile. Siku 652. Wengine wanaita hasira. Mimi naita kukosa nafasi.

Niliyopata: 1,212. Niliyoandika "Sijapata": sifuri. Nisipopata leo narudi kesho, na keshokutwa, mpaka nipate, ndipo naandika. Rekodi safi. Mdogo wangu alikuwa akisema, Dada, hiyo si rekodi, huo ni ubishi.

Sijui kwa nini nimemwandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sikwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Saa tisa alasiri, daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Ukingo wake una bolti 24. Ishirini na tatu za kweli, moja yangu. Niliichonga mwenyewe kutoka kwenye mizani chakavu ya malori: tupu ndani, sumaku chini, karatasi imeviringishwa humo kama sigara. Miaka minne watu wanaishika kwa viganja vyao na hawajui.

Nimepiga magoti, mkono uko chini ya ukingo — "Mama Mizani! Umeangusha nini?"

Muuza nyama, mteja wangu. Sheria: mbele ya wasiojua usitoe kopo, jifanye unafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Basi nikamweleza. Mtu anaficha kopo, anatangaza namba za mahali kwenye simu. Wengine wanafuata namba, wanatafuta, wakipata wanasaini karatasi ya ndani na kurudisha kopo vilevile. Hapo ndipo wanaandika kwenye simu kwamba wamepata.

"Na ndani kuna nini?"

"Karatasi."

"Ya nini?"

"Ya kusaini kwamba umeiona karatasi."

Akanitazama kama mimi ninavyomtazama yeye akiniapia kwamba mizani yake imejiharibu yenyewe.

"Na yule mdogo wako, fundi wa miwani? Zamani mlikuwa mnapita hapa wote wawili, chanda na pete."

Nikasema ana kazi nyingi.

"Kazi haimalizi undugu, Mama Mizani."

Nikamwambia wiki ijayo nakuja kukagua mizani yake bila taarifa. Akakumbuka safari yake.

Nimeweka karatasi mpya. Ya zamani nimeileta nyumbani ndani ya kitambaa. Imegandamana, nikiivuta itachanika. Ikauke kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Imekauka. Nimeikunjua mezani polepole, nikaikandamiza kwa mawe ya mizani — kilo hapa, nusu kilo pale. Sentimita 112. Sahihi 31.

Niandike tangu mwanzo, maana kichwa changu leo hakishiki kitu.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye tisa. Nilianza kwa kufagia karakana ya mizani ya watu, nikajifunza kwa macho, sasa karakana ni yangu. Yeye nikampeleka chuo, akatoka fundi wa lenzi. Mchezo huu tuliuanza pamoja. Mimi Ratili, yeye Wakia. Alipofika 499 alisema la 500 litakuwa Kilo Pungufu, kopo gumu kuliko yote mjini, na mkono wangu nisiusogeze kumsaidia. Sikuusogeza.

Tarehe 20 Mei aliandika kwenye simu: "Mia tano! Asante, Dada."

Kesho yake asubuhi nilikwenda darajani kukagua. Nikavuta ncha ya karatasi, nikatazama mistari ya mwisho. Jina lake halikuwepo. Alasiri tulikuwa na mkutano wa kundi. Nikasimama mbele ya watu kumi na wanne, yeye wa kumi na tano, nikasema: hakuna sahihi, hakuna kopo. Nikafuta rekodi yake palepale, simu mkononi. Akasema, "Dada, nilisaini." Nikasema karatasi haisemi hivyo. Akasema, "Umeisoma yote?" Nami — hili sijawahi kuliandika — nikasema, "Toka utotoni unapenda kuhesabiwa usichofanya."

Mtu mmoja alicheka. Mdogo wangu alichukua mkoba wake.

Leo nimeikunjua yote. Mwanzo kabisa wa karatasi, sehemu inayokaa katikati kabisa ikiviringishwa, kuna mstari wangu wa siku nilipoficha: "Limefichwa na Ratili kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye atalikosa." Utani wetu. Nilikuwa nimeusahau.

Na pembeni yake, kwa ile kalamu nyembamba ya kijani wanayochorea lenzi, herufi ndogo kama chawa: "Sijalikosa, Dada. Wakia, 500. 20 Mei, saa kumi na dakika arobaini."

Hakusaini mwisho, kwenye foleni ya wageni. Alisaini mwanzo, ubavuni kwangu.

Mimi hukagua kwa tarehe. Mwisho kwenda juu, nikikuta tarehe ninayoijua naachia hapo. Miaka yote. Ndivyo ninavyokagua hata vitabu vya karakana.

Nimengoja nisikie kitu. Sikusikia. Ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nimeosha vikombe viwili. Nilikuwa nimetumia kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Nimeirudisha rekodi yake. Kitufe kimoja, sekunde tatu. Siku 658 kwa sekunde tatu!

Halafu nikampigia. Haiiti hata mara moja, inakata. Amenifungia. Nikampigia shemeji, mume wake.

"Shemeji, habari za siku nyingi. Nyingi kweli."

Nikamwuliza kama mdogo wangu yupo.

"Yupo. Anasema mikono yake ina sabuni."

Nikasema nangoja anawe. Nikasikia ameziba simu, sauti zikaenda zikarudi. "Anasema sabuni yenyewe ni ya kufulia, ina povu jingi."

Nikamweleza habari ya karatasi. Kisha akaniambia, kwa upole wake ule ule unaoudhi: "Shemeji, mimi nakuheshimu, umemlea mke wangu. Lakini umemvunjia heshima mbele ya watu kumi na wanne. Sasa unakuja kuiokota kupitia simu ya mume wake, Jumapili, watu wanafua?"

Nikamwuliza basi nifanye nini. Akasema yeye ni shemeji tu, si posta.

Nilitaka kukasirika. Maneno nilikuwa nayo — nani aliyemsomesha, nani aliyelala na viatu miguuni ili amuwahishe shule. Yalikuja yote mpaka mdomoni, yakakaa hapo kama abiria wasioshuka.

Jumatano, 12 Machi

Jana kutwa mizani ya ghala la nafaka. Imetoka sawasawa.

Leo nimefungua ukurasa wa mdogo wangu. Alificha kopo moja tu maisha yake yote: Jicho la Tatu. Chini ya benchi la mbele ya duka la miwani anakofanya kazi, ili awatazame watafutaji kupitia kioo na kucheka. Kwenye ukurasa wake sasa kuna rekodi nne za "Sijapata", zote za mwaka huu. Na onyo jekundu: mwenye kopo asipojibu, Jumamosi tarehe 15, saa sita mchana, litaondolewa kwenye orodha.

Likiondolewa, hana tena kitu kinachomfunga kwenye mchezo huu. Na mimi na yeye hatuna kingine kilichobaki. Nyumba ya mama ilishauzwa. Simu imefungwa. Lipo kopo.

Naweza kwenda kuweka jingine. Watu wanafanya — wakikosa wanatupia kopo lao wenyewe, wanasaini, wanaandika wamepata. Mimi ndiye niliyewaita wezi wa hesabu. Kopo la mtu halibadilishwi bila ruhusa yake. Nimefuta rekodi saba kwa kosa hilo.

Kwa saa mbili nimekaa karakanani. Nimechonga kikopo cha bati, sumaku chini, kifuniko cha kuzungusha, mpira wa kuzuia maji. Gramu 38. Nimeviringisha karatasi mpya humo. Nimekipima mara tatu kama vile kitabadilika.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano wa kundi. Wamekuja kumi na mmoja kati ya wale kumi na wanne. Sikuwa kwenye ajenda. Nimesimama.

Nimeisoma karatasi kwa sauti. Mstari wangu, kisha wake. Nikasema: alisaini, sikusoma yote, na lile neno la utotoni nililisema nikijua si kweli. Nikakaa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Kompasi akavua kofia akaikagua ndani, kana kwamba majibu yamo humo.

"Na wale watatu ambao hawapo?"

"Nimeandika majina. Mmoja nimempigia njiani nikija. Wawili kesho asubuhi."

"Ratili, unasema kama mtu anayesoma bei za sokoni. Hata chozi?"

Nikamwambia likija nitamjulisha.

Akanisindikiza mpaka mlangoni. Anajua habari ya Jicho la Tatu, onyo limefika kwa wote. Akasema kwa sauti ya chini, "Ukitupia kopo pale, mimi sijaona kitu." Kompasi! Aliyewahi kumfukuza mtu kundini kwa kuhamisha kopo mita mbili! Nikamshukuru. Kikopo kilikuwa mfukoni mwangu wakati huo huo.

Jumamosi, 15 Machi

Wawili nimewapigia saa moja na nusu. Mmoja hakukumbuka kabisa tukio lenyewe. Siku 664, yeye hakumbuki.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi. Saa tano na dakika ishirini.

Nimetafuta. Mbao nne, miguu miwili ya chuma, bolti nane. Chini ya ubao wa tatu kuna alama ya gundi, ukubwa wa sarafu, imekauka. Kopo lilikuwepo hapo. Halipo.

Mdogo wangu yupo ndani. Miwani kichwani, lenzi mkononi, anaisaga. Amenenepa kidogo, uso umekuwa wa mama. Hajanitazama. Au alinitazama wakati nimepiga magoti, sijui. Mtu aliyepiga magoti chini ya benchi haoni nani anamtazama.

Saa tano na thelathini na mbili. Mzee mmoja ameketi pembeni yangu kungojea miwani yake. Ameniuliza naandika nini. Nikasema hesabu. Akasema, "Mbona hakuna namba?" Nimegeuza daftari.

Ameitwa ndani, ameondoka. Benchi lote langu. Hakuna anayepita. Kikopo kiko mkononi. Sumaku inavuta mguu wa benchi yenyewe, kama inajua kazi. Sekunde tatu, kama kile kitufe. Jicho la Tatu linabaki kwenye orodha, namba yangu inakuwa 1,213, mdogo wangu hajui chochote.

Ni hicho ndicho nilichomwambia mbele ya watu. Kupenda kuhesabiwa usichofanya.

Nimekirudisha mfukoni.

Saa tano na arobaini na nane. Nimefungua simu, nimechagua. Kidole kimekaa juu ya neno hilo muda mrefu. Kwa wengine ni jepesi, sijui kwa nini hawaoni uzito wake. Nimeandika:

"Sijapata. Nilitazama mwisho, sikutazama mwanzo. Sikupata kwa sababu halipo, na mimi ndiye niliyemfanya mwenyewe aache kulitunza. Kikopo kipya ninacho, ruhusa sina. Nipo kwenye benchi. Ratili."

Nimetuma. Sijapata: moja.

Kila rekodi inamfikia mwenye kopo. Huko hajanifungia, mchezo hauna kufuli hiyo.

Simu yake imewaka mezani. Nimeiona kupitia kioo. Anamaliza lenzi kwanza — nilimfundisha mimi, kazi iliyo mkononi haiachwi. Ameipangusa. Ameiweka. Ameshika simu.

Anasoma. Ni maneno machache, lakini bado anasoma.

Ameshusha miwani kutoka kichwani mpaka machoni. Amesoma tena.

Saa tano na hamsini na tano. Amesimama. Hajatazama huku. Amepita nyuma ya rafu ya fremu na hapo simwoni tena. Duka lile nalijua, nilimsaidia kuhamia. Kutoka kwenye rafu mpaka mlango wa nyuma ni hatua nne, na komeo lake linalia, hata mtaani linasikika. Mpaka mlango huu wa mbele, saba.

Nahesabu.

Mbili. Mkono umeanza kuchoma, wa kulia, kama ganzi inapoachia.

Tatu.

Nne. Komeo halijalia.

Tano