Mapacha Wasije Kabla ya Sindano

Kupitia Shule ya Msingi Zagayu,
Bariadi.
9 Septemba 1995

Mpendwa Shangazi, Sengi wangu Jenifer,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Babu angependa niyaache.

Mwangaluka, Sengi. Hamjambo huko Finland? Mjomba Kristofa anaendeleaje na kazi? Na mapacha wako Kulwa na Doto, wameanza kukaa wenyewe? Sisi ni wazima, ila Bibi anasumbuliwa na kiuno. Pamba mwaka huu tumewauzia wanunuzi binafsi, waliofika na malori yao kabla ya chama cha ushirika. Baba amenilipia ada ya kidato cha tatu.

Barua yako tumeipata. Umeandika kwamba mtakuja Oktoba kama Babu anavyotaka, na kwamba hamhitaji chanjo kwa kuwa wewe umekulia hapa na watoto ni damu ya hapa. Nilipoisoma mbele ya wote, Babu alipiga makofi. Mimi niliogopa. Surua imeingia kijijini. Salu, mtoto mchanga wa jirani yetu Mboje, tulimzika Jumanne.

Nilikwenda zahanati kumuuliza Nesi Felisita. Alisema mwili uliokaa miaka kwenye baridi hupoteza kinga ya malaria, hata wa mzaliwa wa Zagayu. Chanjo za surua na homa ya manjano hutolewa mtoto akifikisha miezi tisa, na mapacha watafikisha Desemba. Nanyi wakubwa mumwone daktari wa huko mapema, mumuulize pia kuhusu pepopunda na homa ya matumbo. Malaria haina chanjo, kwa hiyo vidonge mvianze kabla ya safari, na vyandarua msisahau.

Jioni nikamweleza Babu kwamba mapacha wasije kabla ya kuchanjwa. Alifoka.

"Mapacha wasiposafishwa kimila kabla ya kupanda, mvua ikigoma watu watamtazama nani? Wewe na nesi wako?"

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akacheka.

"Mzee, hilo kovu la begani ni la nini? Si wewe uliyekimbilia sindano ya ndui ukawapita hata akina mama wenye watoto?"

Babu akavuta shuka, akafunika bega. Tulipomaliza kula, akanigeukia.

"Nitasubiri Januari," akasema. "Watu wakinisema, nitawajibu mimi. Lakini nataka neno la mama yao kwamba watachanjwa kwanza, si la mtoto wa shule. Lisipofika, ngoma ya mapacha ni Oktoba."

Sengi, sijalala vizuri tangu hapo. Natamani kuwabeba, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, lakini nataka niwabebe wakiwa wazima.

Bibi, Baba, Mama na kaka Nyanda wanawasalimu sana. Mungu awalinde nyote wanne.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda,
Milembe

N.B. Nijibu siku hiyohiyo utakapoipata barua hii: hilo neno analolitaka Babu, utalisema?