Sifuri ya Aslaug

Trondheim, 14 Aprili

Dada yangu Borghild,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeanza kuzizoea ngazi za nyumba mpya. Huku theluji imegoma kuondoka, lakini afya ipo.

Unakifahamu chama chetu cha watu sita tunaosaka namba tasa kubwa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kila namba hupimwa na watu wawili, kila mmoja kwa kompyuta yake, bila kuonyeshana. Kipimo huchukua siku arobaini, kisha hutoka baki. Baki likiwa sifuri, namba ni tasa. Likiwa kingine, tunaifuta. Kwa miaka kumi na mmoja hatukuwahi kuiona sifuri.

Jumanne iliyopita Aslaug, yule mwalimu mstaafu, alileta sifuri, kwa namba ya tarakimu milioni kumi na tisa. Hakuna aliyempongeza. Reidar, mtunza orodha, alikuta namba hiyo ilishapimwa mwaka juzi, na baki halikuwa sifuri. Alimwuliza kwa nini aliichagua hiyo hasa. Aslaug akasema aligawiwa na Reidar mwenyewe. Reidar akasema hakumbuki.

Tangu hapo kila kitu chake kikanuka. Mmoja alisema kompyuta yake ni kuukuu mno. Mwingine alikumbuka kwamba mwezi wa pili aliulizia jina la mgunduzi huandikwa wapi. Mimi nilimhoji kama nilivyokuwa nikiwahoji madiwani enzi za gazeti: ulianza lini, ulimaliza lini, umeme ulikatika mara ngapi. Alijibu yote bila kusita, nami nikawaambia wenzangu kwamba asiyesita amejiandaa.

“Bibi Aslaug, sifuri haziokotwi kama uyoga,” Reidar alimwambia, huku akimsogezea kahawa. Watu wakacheka.

“Basi pimeni tena,” alisema. “Mimi sina haraka.”

Tulipiga kura kumsimamisha uanachama hadi kipimo cha tatu kiishe, mwishoni mwa Mei. Aliuweka ufunguo wa chumba cha chama mezani, akaondoka bila kuimaliza kahawa. Katika kura ile nami nilinyoosha mkono wa ndiyo.

Dada, kipimo cha kwanza kilikuwa changu. Siku ya thelathini na moja kompyuta iliganda, kazi yote ikapotea. Ni ile Pasaka uliyonipigia honi nje, skii za kutelezea theluji zikiwa juu ya gari, tukitaka kuwahi kibandani mlimani. Nilibuni tarakimu kumi na sita za mwisho, ambazo ndizo tu hutumwa, nikazituma kama baki. Nafasi ya namba kama ile kuwa tasa haifiki moja kwa laki. Nilijua hata nikikosea baki, sitakosea jibu: si tasa.

Kipimo cha tatu kingemsafisha Aslaug, na kosa langu lingeitwa hitilafu ya mashine. Ndiyo sababu sikungoja. Leo asubuhi nimewaandikia wote ukweli. Reidar hajajibu. Aslaug ameuliza jambo moja tu: ni namba zipi nyingine nilizozibunia baki.

Nimempelekea orodha. Ziko nne.

Nisalimie shemeji na watoto. Chumba cha wageni usikitandike mwaka huu. Nina vipimo vinne vya kurudia, siku arobaini kila kimoja.

Mdogo wako,
Sjur