Si Pweza, Shangazi

Shangazi yangu Awa,

Tumerudi Palma. Nilitaka ulijue hilo kwanza, maana ulifia Pemba tulikokimbilia vita, kwenye nyumba ya watu, ukiuliza kila asubuhi kama barabara imefunguliwa. Imefunguliwa. Kaka yangu Momade ameezeka upya chumba chako, analala humo na mkewe Rabia na mtoto wao. Mimi bado nasoma biolojia Nampula, nyumbani nakuja likizo.

Mtoto ni wa kike na jina lake ni Awa. Ila hakupewa jina hilo mara moja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Alizaliwa na vidole kama vyako. Cha kati na cha pete, mikono yote miwili, vimeshikana hadi kuchani. Momade alinipigia simu akasema tu, "Njoo nyumbani." Nilimkuta Rabia kajifungia ndani, mtoto kavishwa soksi mikononi katika joto lile. Mama yake Rabia, aliyekuja kutoka kijijini Mute kumwangalia mzazi, alikuwa keshatoa hukumu: binti yake alikula pweza mimba ikiwa changa. Rabia aliapa hakugusa hata mnyiri mmoja. Na jirani alikuwa ameahidi kuja Ijumaa na wembe, apasue katikati kabla ngozi haijakomaa.

Wembe, Shangazi. Niliuona mkono wako wa kushoto, kovu lile jeupe na kidole kilichopinda tangu ulipofanyiwa hivyo ukiwa mchanga. Kwa mkono huo huo ulinishika kidevu siku naenda chuoni, ukaniambia, "Huko waulize, mie nilikosa nini tumboni?" Ulitangulia kabla sijalifikia somo lenyewe.

Mama Rabia alikuwa anakanda unga wa chapati. Nikamwomba donge moja na punje ya kunde.

Nikawaambia hivi. Mwili wa mtoto tumboni hujengwa na seli, na seli husemeshana. Moja hutoa ujumbe, nyingine huudaka kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake. Nikaiweka kunde kwenye donge, nikaibonyeza polepole mpaka unga ukaifunika. Seli huumeza ujumbe namna hii, pamoja na kipokezi kilichoushika. Ngozi yake hubonyea, ikajifunga kama kifuko, kikazama ndani. Chuoni tunaita endositosi. Huko ndani ama kipokezi hurudishwa juu kikasikie tena, ama huvunjwa na habari ikaishia hapo. Na ujumbe mwingine hausikiki sawasawa mpaka umezwe. Hivyo seli hupima isikie kiasi gani, na kwa muda gani.

"Na vidole?" akauliza Mama Rabia, bado anakanda.

Mkono huanza ukiwa bapa kama mwiko, nikamjibu. Seli za katikati ya vidole huambiwa zife ili vidole viachane. Zipo jumbe nyingine zinazoziambia ziishi, na hizo zisiponyamazishwa kwa wakati wake, ngozi ile hubaki. Nikawaambia pia nisilolijua: kwamba kwetu sisi sijui ni hatua gani hasa inayokwenda kombo, kumeza au nyingine, kwa kuwa hakuna aliyetupima. Lakini naona ni kitu cha ukoo wetu, kinawaruka wengine kikamwangukia mmoja. Hakikuletwa na chakula.

"Kwa hiyo si pweza?" Alikuwa Rabia, amefungua mlango.

Si pweza, nikamwambia.

"Wifi, yaani nilijinyima miezi yote ile bure?"

Akacheka, kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye.

Mama yake hakucheka. Nilimwona, kunde na unga havikumtosha. Ndipo nikamweleza habari ya mkono wako. Kidonda kilivyooza. Homa uliyosimuliwa na mama yako. Ulivyokuwa ukisuka ukili na kuuficha mkono chini ya kanga mgeni akipita uani... Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa unga, akaenda mwenyewe kwa jirani, akarudi anasema, "Nimemwambia wembe wake akanyolee nywele." Akamvua mjukuu wake soksi. Jina alilitaja yeye, si mimi: "Aitwe Awa."

Tulimpeleka Pemba hospitali, akapigwa picha ya mikono. Mifupa imeachana, kilichoshikana ni ngozi. Daktari alisema tungoje avuke mwaka, atavitenganisha. Amevuka. Tunaondoka Jumatatu. Naiogopa ile dawa ya usingizi, ni mdogo mno. Rabia haogopi, au anajua kuficha.

Ungemwona Rabia siku hizi! Idi iliyopita alimpaka mtoto hina, vidole vikiwa vile vile. Wewe hukuikubali hina hata siku ya harusi yako. Akambeba hadi sokoni, mikono iko nje. Mwanamke mmoja alipouliza, Rabia akamweleza mambo ya seli kumeza, macho kayakaza usoni kwake. Alichanganya mawili matatu. Sikumsahihisha.

Basi Shangazi, nakuaga hapa, Awa ameamka ananivuta karatasi. Tukifika Pemba tutaanzia makaburini, nimsimamishe mbele yako tukuombee dua. Na nakuahidi: akizinduka kutoka kwenye usingizi ule, uso wa mama yake na wangu ndizo nyuso atakazoziona. Ajue tu hayuko peke yake.

Mungu akupe nafasi na mwanga ulipo.

Mwanao,
Anchia