Kijiti cha Udi, Mbwa Wako na Paka Wangu: Tunamkumbuka Baba Khiem

Mwaka umezunguka, Baba Khiem, tangu ulipoweka chini kapu la pilipili manga, ukaegemea nguzo ya ukumbi na kusema unapumzika kidogo. Nikaenda kukuletea kahawa ya barafu. Barafu iliyeyukia kwenye glasi, nawe hukuinuka tena.

Leo tunakuandalia chakula chako cha mwaka. Samaki yuko chunguni na sukari yake, kama ulivyopenda, na pilipili manga ni ya shamba lako mwenyewe. Dada yako Sau amekwisha kuonja na kusema nimezidisha chumvi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, nyumba yako iko vilevile.

Ulikuwa mtu mwema, na wema wako ulinitia hasira. Mvua ikitishia siku za kuanika, ulikimbia kwanza kufunika pilipili za jirani yetu mjane huku zetu zikilowa. Nikikugombeza unanijibu, "Mama Khiem, zetu zina watu wawili wa kuzikimbilia. Zake zina mmoja." Nilinuna, lakini moyoni nilikuonea fahari. Sikukuambia. Sasa nakuambia.

Na ulikuwa mbishi! Loo, ubishi wako ulikuwa na miguu minne. Ulirudi siku moja kutoka kwa rafiki yako mwindaji kule chini ya vilima, amezeeka, hawezi tena kupanda, umemshika mbwa wake kwa kamba. Mbwa mtu mzima, wa kisiwa chetu hasa, manyoya ya mgongo yameota kinyumenyume kuelekea kichwani. Alipomwona paka wangu Muop juu ya gunia la mchele, manyoya yale yakasimama wima. Akatulia tuli, hata kupumua ni kama ameacha.

"Huyo hambwekei," nikakwambia. "Huyo anampima."

"Anamtazama tu."

"Mimi pia namtazama kuku kabla sijamchinja! Sikiliza, Baba Khiem. Akimgusa Muop, mmoja wenu atalala bandani."

"Nani, mimi au yeye?"

"Nitaamua nikishakasirika."

Muop hakuwa paka wa mapambo. Bila yeye panya wangetumalizia mchele na dagaa. Lakini Phen, huyo mbwa wako, naye hakuwa na pa kwenda, na ulijua mbwa asiye na mwenyewe huishia wapi: kwenye chungu cha mtu. Ukasema wote wawili watakaa. Majirani, ambao kwao wewe ni Kaka Bay, wakaja kukucheka. "Kaka Bay, samaki mkunje angali mbichi. Huyu amekwisha kauka!"

Wewe ukawaza jambo ambalo hakuna mwingine angeliwaza. Tunapowaandalia wazee wetu waliotangulia, chakula kinatengwa, udi unawashwa, na mtu hagusi kitu mpaka kijiti kiteketee, maana hapo ndipo wamekula wakaondoka. Ukaniuliza, "Kama Sau mwenye njaa anaweza kusubiri udi uishe, mbwa atashindwa?"

Basi kila asubuhi ulimtoa Phen kwanza shambani akafukuze panya mpaka ulimi unaning'inia. Kisha ukamlaza mkekani mbele ya madhabahu ya wazee, kamba umeikalia, ukawasha kijiti. Muop mwanzoni alikuwa ndani ya kapu la kutegea samaki, akimtukana kwa lugha yao. Phen akigeuza macho pembeni kwa hiari yake, anapata kipande cha samaki mkavu. Akimkazia macho Muop, hapati kitu wala hapigwi. Kijiti kikizimika unamgusa sikio unasema, "Haya, mwanangu, inuka." Siyo kabla.

Nilikupitia na ufagio nikakuuliza, "Unamfundisha au unamwombea dua?"

"Vyote viwili," ukasema.

Ilichukua misimu, si wiki. Ulitoboa ukuta ukampigia Muop ubao juu, apite bila kugusa sakafu. Ukasuka lango la mianzi, na tukitoka wanatenganishwa, hata kama ni kwenda kuchota maji tu. Muop akatoka kapuni, akajifunza kumrukia Phen mgongoni kama anavuka kizingiti. Phen alikuwa akitetemeka, lakini hainuki. Nilipokusifu siku hiyo ulinikatiza. "Asili haikuondoka, Mama Khiem. Ameikalia tu. Paka akikimbia, mimi mwenyewe sijui." Hukuwahi kujidanganya, na kwa hilo nilikuamini.

Wiki moja kabla ya kutuacha uliniambia, ukipepeta pilipili, kana kwamba ni habari za hali ya hewa, "Nikitangulia, usiwatenganishe hao wawili." Nikakwambia acha mikosi. Ningejua ningekujibu vizuri.

Mwanao Khiem alifika kwa boti ya kwanza kutoka mji wa Rach Gia, ng'ambo anakofanya kazi, macho yamevimba. Alipomaliza kukulilia, akanivuta jikoni. "Mama, yule mbwa alimsikia Baba tu. Baba hayupo. Nimeongea na mtu bandarini, atamchukua tukishazika."

"Baba yako ameniusia."

"Na mimi ameniachia wewe, na mtoto wangu yumo humu ndani. Akiua paka leo, kesho je?"

Nami niliogopa vilevile, usifikiri sikuogopa.

Alasiri ile tulianza kufunga vitambaa vyeupe vya msiba. Mimi mkeo, watoto, nguzo za pilipili, mfenesi wako, kila kilichokuwa chako kilipata kitambaa, kijue mwenyewe amekwenda, kisinyauke kwa kukutafuta. Mkweo Thoa akamfungua Phen kamba ili amfunge cha kwake shingoni. Na dada yako Sau, mtoto wa watu, huku analia, akamkamata Muop.

"Dada Sau, paka mwache!" nikamwambia.

"Paka naye si wa nyumba hii? Hata yeye ana haki ya kufiwa!"

Akamfunga. Kitambaa kirefu, ncha yake ikaburuta. Ah, Baba Khiem, ungekuwepo ungeshika kichwa. Muop alipoona kitu cheupe kinamfuata nyuma, alichomoka ukumbini kama ameguswa na moto, kitambaa kikipepea, akipita katikati ya miguu ya waombolezaji. Na Phen hakuwa na kamba.

Sikuwahi kumwona akikimbia hivyo. Manyoya yamesimama, hana sauti. Trei ya chai ikaruka. Khiem akamfuata na ufagio, mimi nikapiga kelele jina lako, lako wewe, si la mbwa. Muop akaingia chumba cha mbele na kujibanza chini ya jeneza lako, pembeni, hana pa kutokea. Phen akaingia nyuma yake.

Akasimama.

Udi ulikuwa ukiwaka upande wa kichwa chako. Tulikuwa tukiubadilisha tangu ulipolazwa pale, hatukuacha uzimike. Phen alinusa. Mwili mzima ulikuwa ukimtetemeka, na pale pale, mbele ya jeneza, akakunja miguu akalala. Akageuza macho pembeni.

Khiem alibaki na ufagio juu.

Watu walisema mbwa anaomboleza, masikini, hataki kubanduka. Waseme. Mimi nilijua anasubiri udi uishe, na udi haukuisha, tuliuwasha mpaka asubuhi. Nikamwekea maji mbele ya pua yake. Muop naye alichoka kuogopa, akaguguna kile kitambaa mpaka kikakatika, akalala huko huko chini yako.

Tulipokuzika tukarudi, chumba kilikuwa kitupu na majivu yamepoa. Phen alikuwa bado amelala, anatazama mlango. Udi ulikuwa umekwisha, lakini neno hakulisikia. Aliyekuwa akilisema hakurudi nasi.

Nilipiga magoti, nikamgusa sikio. "Haya, mwanangu, inuka."

Akainuka. Hapo ndipo nilipolia, Baba Khiem. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia wageni tu. Na Khiem akaichukua ile kamba aliyoiandaa kwa mtu wa bandarini, akaitundika kwenye msumari wako.

Wapo wote wawili. Lango la mianzi Khiem amelisuka upya. Asubuhi ni mimi ninayemtoa Phen shambani, na magoti yangu yanakulaani. Bado anatetemeka Muop akimpitia. Bado hamgusi.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, Mama Khiem, mwanao Khiem na mkewe Thoa aliyekuwa akikupikia uji, mjukuu wako Sen anayekuita kwenye picha, na dada yako Sau, ambaye haruhusiwi tena kumshika paka na kitambaa. Na hao wawili.

Chakula kiko mezani. Phen amelala mkekani, Muop yuko juu ya gunia, na kijiti chako kinakaribia kwisha. Kikizimika tutajua umeshiba na umeondoka, na Phen atanitazama mimi, anisikie nikisema lile neno. Nitalisema. Lakini sasa hivi nawasha kijiti kingine, asubiri, nasi tusubiri pamoja naye. Kaa kidogo.