Sikio la Shemeji Yako

Kapata, Kolwezi
Tarehe 9 Juni 1975

Mpendwa yaya Tshimanga, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwangu. Mnaendeleaje na afya huko Mbuji-Mayi? Mgongo wa mke wako Ndaya umepoa? Sisi ni wazima, ila baridi inatuamsha mapema. Nina furaha hata kalamu haitulii.

Unakumbuka Mama alivyomsifu mume wangu Ngeleka: mkwe anayejua ukwe, ile heshima ya kutotazamana uso na mama mkwe, hata akisalimiwa na mama mkwe huinamisha kichwa kimya. Kisha siku ile ya mvua Mama akabisha hodi kwangu mpaka kikwembe alichojifunga kikalowa, na Ngeleka yuko ndani anatengeneza redio, hageuki. Mama akaapa hatakanyaga tena mlango wangu. Ukambembeleza kwa barua, wapi.

Kumbe mwanaume hasikii. Miaka ile alipolala chini ya baiskeli ya jirani yetu Kalombo akiichomelea, cheche ilimwingia sikio la kulia. Akapaka mafuta, akanyamaza, maana mchomeleaji gani analia kwa cheche? Usaha ukitoka, ananiambia ni mafua. Mficha maradhi kifo humuumbua; huyu aliumbuliwa na kizunguzungu, akaanguka kanisani katikati ya wimbo.

Daktari alimpasua, akatoa tone la chuma lililoganda nyuma ya ngoma ya sikio, dogo kama punje ya mtama. Ngoma ilikuwa imetoboka na mfupa umeanza kuliwa. Niliogopa sana, yaya. Usikivu wote hautarudi, na maji yasiingie humo tena; kuoga ni kwa kuziba sikio na pamba. Lakini kizunguzungu kimekwisha na sauti zinaingia. Sasa ananiambia eti napiga kelele.

Jumapili nilimpelekea Mama habari. Jioni nikamwona nje kwetu, amesimama pembeni ya mlango kama ukwe unavyotaka, uso ameugeuzia barabara. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, ya kumjaribu Ngeleka aliyekaa ndani, akimwita baba kwa heshima:

“Tata, uko muzima?”

“Niko muzima, mama. Ingia, mupepo iko mingi.”

Ngeleka akatoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane naye uso kwa uso. Mama akaingia, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mkwewe, akalia. Nililia naye, kwa furaha.

Nisalimie Ndaya, mwanenu Fidélie na wadogo zake. Mungu awape usingizi mwema na chakula cha kutosha.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Tshiela