Gari la Kipkoech Limeenda

Kimulot, Jumamosi usiku

Wamelichukua lile gari la spoti la marehemu mume wangu, na kutu yake yote.

Asubuhi nilianza kuliosha, nisiaibike mbele ya wageni. Nilikuwa nimemaliza mlango mmoja walipofika kutoka Nairobi, wanaume watatu wanaopenda magari ya zamani. Njoroge, mkubwa wao, akanishika mkono polepole.

"Mama, tafadhali acha. Hilo vumbi ndilo tumefuata, linaonyesha gari halijaguswa."

Nilikasirika kidogo. Nani anauza kitu kichafu? Lakini wakaketi ndani kwa zamu, wakauliza Kipkoech alikuwa analiendesha aje kwa matope ya huku. Nikawaeleza, tukacheka, chai ikaisha nikapika ingine. Tangu mazishi, hakuna mtu alikuwa ameniuliza habari zake.

Jioni wakalipakia kwa lori. Watoto wangu wako mbali na simu zao ni fupi. Nikaanza kuogopa kurudi ndani peke yangu.

Njoroge akauliza kama kuna spea zozote zimebaki. Nikamwambia huenda ziko darini, warudi mwezi ujao tutafute pamoja. Akafurahi, akasema watakuja.

Darini hakuna kitu.