Gauni Lisilovalika

Mtani wangu Hamisi,

Mnyamwezi wewe, hata kufa hujaacha kuniudhi. Siku ya mazishi yako Wagogo wenzangu walikutania ipasavyo. Mmoja alivaa kofia yako akawa anaomba chai kwa sauti yako, mwingine alisema umekufa ili usifagie duka. Mimi, niliyeshirikiana nawe duka moja hapa Chang'ombe ya Dodoma, mimi na cherehani yangu na wewe na brashi zako, nilishindwa. Nilifungua mdomo nikaishia kulia. Kwa hiyo matusi yako nakuandikia leo.

Nianze na yule mwanamke wako wa ukutani. Nilikuomba unichoree gauni moja mbele ya duka, la kuvuta wateja, maana mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa sokoni na watu wakawa wananipita kama sipo. Nikakupa lile jarida kuukuu la masista walionifundisha kushona, lenye wanawake wa Kizungu wa enzi za bibi zetu, waliochorwa kwa mkono ili kuuza kofia na manukato. Ukapotea nalo siku nzima. Uliporudi ukaniambia, "Hili si tangazo, Mgogo wewe, hii ni sanaa." Mimi nilitaka tangazo! Ukacheka, ukamchora mwanamke mwenye shingo ndefu, kiuno cha kushika kwa kiganja, na gauni la bluu linaloburuzika chini. Dodoma hii yenye vumbi! Na kiuno kile ulikiona kwa nani?

Halafu hukufikiria mgongo. Hilo sikusamehe. Gauni lile limebana shingoni, limebana kiunoni, halina zipu, halina vifungo, halina pa kuingilia. Kila nilipokuuliza mtu atalivaaje, ulinijibu, "Yeye si keshavaa?"

Sasa sikiliza. Baada ya wewe kuondoka alikuja binti mmoja wa Miyuji, bibi harusi. Nikamtolea mishono yangu yote, hakuigusa. Akanyoosha kidole nje: "Nataka lile." Nikamwambia lile halivaliki, lilichorwa na mtu asiyejua nguo inaingiaje mwilini. Akasema amelitazama tangu yuko shule ya msingi. Basi nikakata, nikafumua, nikakata tena, nikakutukana kwa Kigogo mpaka binti wa watu akaona aibu. Mwishowe nikaficha zipu ubavuni, chini ya kwapa, na nyonga nikaziongezea kitambaa, kwa sababu huyu anazo, Mungu ashukuriwe. Lilimkaa, Hamisi. Kanisa zima liligeuka. Na unajua walisemaje? "Marehemu Hamisi alikuwa fundi." Wewe! Uliyeshindwa hata kutunga uzi kwenye sindano!

Wiki hiyohiyo wakaja watu wa kampuni ya sabuni. Siku hizi wanazunguka kila mtaa, duka la jirani wameshalipaka rangi yao lote. Wakanipa ahadi nzuri: wachore sabuni yao mbele, mimi niezekewe mabati mapya. Paa langu unalijua. Mvua ikinyesha nashona huku nimezungukwa na masufuria. Nikawaambia chukueni ubavuni, chukueni nyuma, chukueni hata mlango. Wakakataa. Wanapataka pale aliposimama yeye, eti ndipo macho ya watu yanapokwenda.

Nilikasirika, maana walikuwa wanasema kweli. Uliniletea tangazo kumbe, tena kuliko lao, na ukafa bila kunipa nafasi ya kukubali mbele yako. Nikakaa kwenye kigoda chako pale kizingitini. Nimekukumbuka, mtani. Duka limekuwa kimya, hakuna wa kugombana naye.

Nimewafukuza. Wameondoka na mabati yao, na mawingu tayari yanajikusanya upande wa Kondoa.

Nakuahidi, maadamu mimi ni mzima, hakuna sabuni itakayopita usoni pa mwanamke wako. Rangi ikichujuka nitamtafuta mchoraji amrudishie bluu yake, na nitamsimamia nyuma ya mgongo asije akamharibu.

Pumzika, Mnyamwezi wangu. Wewe huko hulowi. Atakayelowa ni mimi, na yeye atakuwa ananitazama tu, kapendeza.

Mtani wako,
Mama Neema